House sio ya Sauzi wala ya Wazungu, na haikuzaliwa siku santuri zilipolipuliwa uwanjani

Tangu amapiano, mtoto wa house aliyezaliwa Sauzi, iingie Bongo mwaka 2021 hivi na kugoma kutoka, kuna ubishi mmoja mitandaoni hauishi. Msanii wa Dar akiachia tu ngoma yenye log drum, ile besi ya amapiano, komenti zinajaa: ooh Watanzania mmeiba muziki wa Sauzi, tulieni na bongofleva yenu. Anakuja mwingine anajibu kwani Sauzi wenyewe si waliichukua house kwa Wazungu, mbona hilo hamlisemi. Halafu lazima atokee wa tatu, na huyu ndo huwa na uchungu kuliko wote, anasema muziki wote huo ni wetu, tuliibiwa tangu enzi za utumwa, sasa unarudi kwa mwenyewe. Kijana anayeninyoa yeye anaamini kabisa house ilianzia Johannesburg, nikamwambia Chicago akacheka mpaka akazima mashine. Simlaumu. Huku kwetu house imetufikia kwa mlango wa Sauzi, tumekua na kwaito, tukaja kwenye akina Mafikizolo na Black Coffee, na zile za Ulaya tulizozisikia redioni tuliziona tu ni muziki wa disko wa Wazungu.

Msimamo wangu niuseme mapema. Wote watatu wanatafuta nchi, na house haikutoka kwenye nchi, ilitoka kwenye uhaba. Ilitoka kwenye klabu mbili tatu za Chicago ambako watu wasiotakiwa kwingine walitaka kucheza mpaka kunakucha, wakati ule muziki wa kuwachezesha unaanza kuadimika madukani. Madijei wakaurefusha, wakaukata, wakauongezea mashine ambazo kipindi hicho hazikuwa na soko. Ukilielewa hilo, habari ya nani kamuibia nani inageuka, wala haiwi rahisi, inazidi kuwa ngumu, kwa sababu wizi kwenye hii hadithi upo kweli ila haupo pale watu wanapoelekeza vidole.

Turudi 1977. Jamaa mmoja anaitwa Robert Williams alikuwa ametoka New York kuja Chicago, na kule New York alishaonja sherehe za aina fulani, sio zile disko za kuvaa suti na kupanga foleni ili uonekane na watu maarufu, hapana, ni zile za kucheza usiku kucha kwenye jengo la kawaida lenye spika nzuri. Akafungua ya kwake kwenye jengo la ghorofa tatu, namba 206 South Jefferson Street, ikaja kuitwa The Warehouse. Dijei aliyemtaka kwanza ni Larry Levan, Levan akakataa kwa sababu mambo yake New York yalikuwa yananyooka, mwaka huohuo ndo klabu ya Paradise Garage inaanza, basi nafasi ikaangukia kwa rafiki yake wa tangu ujana, Frankie Knuckles, kijana wa Bronx aliyezaliwa 1955. Kwahiyo hata huyo tunayemwita baba wa house hakuwa mtu wa Chicago, alikuja kufanya kazi.

Waliokuwa wanajaa humo ndani wengi ni vijana weusi na Walatino, na wengi wao wapenzi wa jinsia moja. Hili la mwisho waandishi wa huku huwa wanaliruka, na mimi naelewa kwanini wanaliruka, lakini ukilitoa hadithi haisimami, maana hiyo ndo sababu ya klabu kuwepo. Klabu nyingi za mashoga weupe zilikuwa zinawasumbua weusi mlangoni, mtu anadaiwa vitambulisho viwili vitatu wakati mweupe anapita bila hata kimoja, na kwenye kumbi za weusi wenzao nako hawakuwa na amani. Warehouse hapakuwa hata na pombe, watu walikunywa juisi na maji, wanaingia Jumamosi usiku wanatoka Jumapili mchana wamelowa jasho. Knuckles mwenyewe alikuwa anapafananisha na kanisa, na ukisikiliza zile sauti za kike za kuitikia zinazopanda na kupanda utaona hakuwa anatafuta sifa, waimbaji wengi wa disko walilelewa kwenye kwaya.

Alikuwa anapiga nini? Disko. Watu wanasahau hili. Mwaka 1977 hakukuwa na kitu kinaitwa house kama aina ya muziki, kulikuwa na disko, soul na funk, na jinsi ya kuzipiga. Ule mdundo wa kiki (ile ngoma kubwa ya mguu) nne zinazofuatana bila kupumzika, ambao leo mtu akiusikia anasema hii house, uliwekwa sawa na mpiga dramu wa Philadelphia anaitwa Earl Young. Sikiliza "The Love I Lost" ya Harold Melvin na Blue Notes ya 1973, kiki inapiga kila pigo, na haihati, yale matoazi mawili, inafunguka katikati ya pigo na pigo, tsss, tsss, tsss. Hiyo ndo mifupa. Miaka zaidi ya hamsini imepita na prodyuza anayepanga biti ya house leo kwenye kompyuta bado anaanza kwa kuweka vitu hivyo viwili mahali palepale alipoviweka Young kwa mikono na miguu yake.

Na ile namna ya kupiga ilitoka New York, hasa kwa David Mancuso ambaye toka 1970 alikuwa anafanya sherehe nyumbani kwake, kwa mwaliko, pakaitwa The Loft. Hapa niseme na wale wa kundi la tatu, wa "ni muziki wetu," kwa sababu mahali hapa ndo wana hoja yao nzuri kuliko zote na huwa hawaitumii. Mwaka 1972 Cameroon ilikuwa mwenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika, Manu Dibango akarekodi wimbo wa kuisherehekea timu, na upande wa pili wa santuri akajazia "Soul Makossa". Mancuso akaikuta hiyo santuri kwenye duka la watu wa visiwa vya Karibi huko Brooklyn, akaanza kuipiga kwenye sherehe zake, watu wakachanganyikiwa, dijei wa redio Frankie Crocker akaidaka, na hapo ikawa kila mtu anaitafuta na haipatikani. Nakala zilikuwa chache kiasi kwamba bendi kibao zikakimbilia studio kurekodi matoleo yao ili wakate kiu ya wateja, na baadae Atlantic wakachukua haki ya kuitoa Marekani, ikafika namba 35 kwenye chati ya Billboard mwaka 1973. Nimeieleza kwa kirefu kwa sababu uhaba umeshaanza kufanya kazi yake hapo. Wimbo wa Mcameroon, wa upande wa pili wa santuri ya mpira, umekuwa moja ya ngoma za kwanza za disko Marekani kwa sababu dijei mmoja alichakura dukani.

Sasa ile hadithi maarufu, ambayo utaikuta kwenye kila klipu ya dakika tatu kuhusu house: kwamba tarehe 12 Julai 1979 disko iliuawa uwanjani Comiskey Park, Chicago, na house ikafufuka kwenye majivu yake. Tukio lenyewe ni la kweli. Mtangazaji wa redio ya rock, Steve Dahl, aliwaambia mashabiki waje kwenye mechi mbili za besiboli za siku moja kati ya White Sox na Detroit wakiwa na santuri ya disko na senti 98, basi wanaingia. Watu karibu elfu hamsini wakajaa, sanduku la santuri likalipuliwa katikati ya uwanja, maelfu wakavamia, wakachana nyasi, mechi ya pili ikashindikana na White Sox wakapewa kipigo cha mezani. Miongoni mwa vijana waliokuwa wanaelekeza watu kwenye viti siku hiyo alikuwepo kijana mweusi anaitwa Vince Lawrence, alikuwa anadunduliza hela anunue kinanda cha umeme, na yeye amesimulia mara nyingi kwamba santuri nyingi zilizoletwa wala hazikuwa disko, zilikuwa tu za wasanii weusi, akina Stevie Wonder na Marvin Gaye. Kwahiyo wale wanaosema ilikuwa chuki iliyovaa nguo za muziki wana ushahidi wa mtu aliyekuwepo.

Lakini kusema house ilizaliwa pale ni kuharibu mahesabu. Warehouse ilikuwa imeshafunguliwa miaka miwili kabla, Knuckles yupo kwenye mashine kila wikiendi, na waliokuwa wanacheza pale hawakuacha kucheza kwa sababu Wazungu wamechana nyasi. Na pia tusiwape wale vijana wa uwanjani nguvu ambayo hawakuwa nayo, mwaka huo biashara yote ya santuri Marekani ilikuwa imeyumba, sio disko peke yake, na soko la disko lilishajazwa takataka na lebo zenyewe. Hii ndo hoja dhaifu kuliko zote kwenye mjadala na ndo inayopendwa kuliko zote, nadhani kwa sababu ina moto na ina adui. Kilichofanyika baada ya pale ni kitu kikavu zaidi: lebo kubwa ziliacha kutoa pesa kwa disko, redio zikaliogopa hilo neno, na dijei wa Chicago akienda dukani Ijumaa hakuti mzigo mpya wa maana. Kosa la hiyo hadithi lipo hapo, inachukua kitu kilichokausha bomba inakiita chanzo cha maji.

Na bomba lilipokauka ndo Knuckles akaanza kazi ambayo kwangu mimi ndo house yenyewe. Alichukua tepu, akakata kwa wembe, akaunganisha, kipande cha sekunde kumi ambacho watu walikuwa wanakipigia kelele akakifanya kiwe dakika mbili. Akaongeza mdundo chini ya nyimbo za zamani zisikike mpya. Akachanganya na santuri zilizoagizwa kutoka Italia, ambako disko ilikuwa haijafa, ilikuwa tu imehamia kwenye vinanda vya umeme. Baadae akiwa kwenye klabu yake mwenyewe, Power Plant, akanunua mashine ya ngoma ya Roland TR-909 kutoka kwa Derrick May, yule wa techno ya Detroit, akawa anaitumia klabuni. Wateja wakitoka Warehouse wanaenda kwenye duka la Importes Etc. kuuliza ule muziki wa Warehouse, duka likaweka kibao, jina likakatwa likabaki house, ingawa wapo wazee wa Chicago watakaokupa maelezo mengine na kila mmoja anaapa.

Halafu zile mashine. Roland walitengeneza TR-808 mwaka 1980 na 909 mwaka 1983, na kile kidude cha TB-303 kilikusudiwa kumsaidia mpiga gitaa anayefanya mazoezi peke yake apate besi. Sokoni havikufanya vizuri, wanamuziki wakavikataa kwa sababu havisikiki kama ngoma halisi wala besi halisi, vikaishia kwenye maduka ya mitumba kwa bei ya kutupa. Hapo ndo vijana wa South Side, upande wa kusini wa Chicago, walipovikuta. Mtu akikwambia house ni muziki wa teknolojia muulize teknolojia ya nani, kwa sababu walioijenga walikuwa wanatumia vitu vilivyoshindwa kuuzika.

Mfano mzuri kuliko wote ni santuri ambayo wengi huitaja kama ya kwanza ya house, "On and On" ya Jesse Saunders ya mwaka 1984. Saunders alikuwa dijei, na alikuwa na santuri moja ya magendo, isiyo na kibali cha mtu, mtu alikuwa amekata vipande vya nyimbo za watu akaviunganisha, hiyo ndo ilikuwa silaha yake, akiipiga ukumbi unajua Saunders yuko kazini. Siku moja ikaibiwa. Basi yeye na Vince Lawrence, ndiyo, yuleyule kijana wa uwanjani, wakakaa na mashine wakaitengeneza upya kwa namna yao. Yaani house ya kwanza kwenye santuri ni nakala ya kitu kilichoibiwa, ambacho nacho kilitengenezwa kwa vitu visivyolipiwa. Nikiona mtu anakaza shingo anasema fulani kaiba biti ya amapiano huwa nakumbuka hii nacheka peke yangu.

Baada ya Saunders kila kijana akaona kumbe inawezekana. Redio ya WBMX ilikuwa na kundi la madijei watano, Hot Mix 5, mchanganyiko wao ukawafikia watoto wa sekondari ambao wasingekanyaga Warehouse, na shule ya Kikatoliki ya Mendel kule South Side ikawa inafanya madisko ya kujaza. Marshall Jefferson alikuwa mfanyakazi wa posta. Alipotengeneza "Move Your Body" mwaka 1986 hakuwa anajua kupiga piano kwa kasi, kwahiyo aliipiga polepole halafu akaiharakisha kwenye mashine, na aliowaimbisha ni wenzake wa kazini. Ile piano ya kugonga gonga ikakaa kwenye house moja kwa moja. Wajuzi walimwambia huu sio house kwa sababu ya piano, sasa fikiria leo tuna tawi zima la house lenye piano kwenye jina lake.

Kuna usiku mmoja wa klabu ya Music Box napenda kuusimulia kwa sababu unaonyesha nani alikuwa anaamua. Williams alipogombana na Knuckles kuhusu mambo ya kiingilio, alifungua Music Box na kumweka Ron Hardy, dijei aliyekuwa anapiga kwa kasi zaidi, anakata sauti, wakati mwingine anarudisha wimbo kinyumenyume. Vijana watatu, DJ Pierre, Spanky na Herb J, walikuwa wamenunua ile 303 iliyokwisha soko, hawajui kuitumia, wakazungusha vitufe vyote wakati inalia, ikatoa mlio kama kitu kinachokamuliwa. Wakamletea Hardy tepu. Akaipiga, ukumbi ukahama. Akasubiri, akaipiga tena, bado. Mara ya tatu watu wakaanza kurudi, ya nne wakapagawa. Mwaka 1987 ikatoka kama "Acid Tracks", na acid house yote iliyokuja kuitikisa Uingereza imetoka humo. Mkurugenzi wa lebo hakuwepo, mwandishi wa gazeti hakuwepo, ni dijei mmoja king'ang'anizi na watu waliokubali kushawishika usiku uleule.

Hoja ya Ulaya tuipe haki yake, haina upuuzi kama inavyoonekana. Kraftwerk wa Düsseldorf walipigwa sana Chicago na Detroit, na "I Feel Love" ya Donna Summer mwaka 1977, ambayo Giorgio Moroder na Pete Bellotte waliitengeneza Munich, ndo iliyoonyesha kwamba mashine tupu inaweza kubeba wimbo wa mapenzi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Bila hizo na bila zile santuri za Kiitaliano house ingekuwa na sura nyingine, sidhani kama kuna mtu makini atabisha. Ila anayesema house ni ya Ulaya huwa hamaanishi hizo, anamaanisha klabu za kisiwa cha Ibiza huko Hispania na yale matamasha ya viwanjani, na hapo tarehe zinamkataa. "Love Can't Turn Around" ya Farley Jackmaster Funk, kijana wa Chicago, iliingia kumi bora za Uingereza mwaka 1986, na Januari 1987 "Jack Your Body" ya Steve Silk Hurley, wa Chicago pia, ikakaa namba moja. Ule msimu wa vijana wa London kutoka Ibiza wamechanganyikiwa ni kiangazi cha 1987. Ulaya walikuwa wateja kwanza, wakawa mawakala, wakaja kuwa wenye duka.

Na ya Afrika? Hapa nakwenda taratibu, kwa sababu ukweli upo ila haupo kama unavyouzwa. Nimeshasema "Soul Makossa". Ongeza Babatunde Olatunji wa Nigeria, wimbo wake wa ngoma aliourekodi New York karibu na 1960 ulirudiwa na Candido, mpiga konga wa Cuba, ukatoka 1979 kwa jina la "Jingo" na ukawa wimbo mkubwa Paradise Garage. Kwahiyo Afrika ipo mle kwa majina ya watu, kwa santuri, kwa miaka. Ninachokataa ni lile la damu, kwamba mdundo uliwakaa vijana wa Chicago kwenye mishipa tangu mababu wavuke bahari. Ukisema hivyo unamfuta Earl Young aliyekaa kwenye dramu akafikiria, unamfuta Knuckles na wembe wake. Watu walifanya kazi, na kazi yao haikuwa kurithi.

Sauzi hali kadhalika. Santuri za house ziliingia kule kuanzia mwishoni mwa miaka ya 80, madijei wakazipunguza spidi ziendane na mwendo wa vijana wa townships, wakaweka maneno ya kwao, ikazaliwa kwaito, na miaka ya 2010 katikati ikaja amapiano na ile besi yake ya log drum ambayo Chicago hawakuwahi kuwa nayo. Hapo Sauzi wana haki kamili ya kusema hiki chetu. Sio kwa sababu house ni yao, ni kwa sababu waliichukua wakafanya kilekile kilichofanywa na Saunders, wakatengeneza upya kitu kisichokuwa chao mpaka kikawa chao.

Sasa turudi kwenye wizi niliosema upo. Mwaka 1989 wimbo uliouzwa kuliko yote Uingereza ulikuwa "Ride on Time" ya Black Box, kundi la Italia. Kwenye video mwanamitindo mrembo anafungua mdomo, ila sauti ni ya Loleatta Holloway, mama wa Chicago aliyekulia kwenye gospo, imekatwa kutoka wimbo wake wa 1980, "Love Sensation". Jina lake halikuwepo mpaka akaja juu na mawakili. Mwaka huohuo Wabelgiji Technotronic wakatoka na "Pump Up the Jam", ambayo ilifika namba mbili Marekani, na yaliyofanyika kwenye kava na video ni yaleyale: mwanamitindo mbele, wakati aliyeandika mistari na kuichana ni Ya Kid K, binti aliyezaliwa Kinshasa na ambaye aliwahi kuishi Chicago. Wangapi kati yetu tumeicheza ile ngoma harusini na tukajua sauti ni ya Mkongo?

Wala msidhani walioumizwa waliumizwa na Wazungu wa mbali tu. Trax Records, lebo iliyotoa nusu ya nyimbo za house za Chicago ninazozitaja hapa, ilikuwa ya Chicago hapohapo, mwenyewe Larry Sherman, na yeye ndo alikuwa na kiwanda cha kutengenezea santuri mjini. Vijana walimpelekea tepu, wakapewa hela kidogo mkononi, wengine karatasi walisaini bila kusoma, na santuri zikatoka kwenye plastiki iliyoyeyushwa mara ya pili, inakwaruza toka siku ya kwanza. Larry Heard alitengeneza "Can You Feel It" nyumbani kwake na kinanda kimoja cha Juno-60 na 909, ikatoka 1986, imepigwa dunia nzima. Mwaka 2020 ndo yeye na mwimbaji Robert Owens wakaenda mahakamani kuidai Trax, na 2022 wakafikia makubaliano yaliyowarudishia haki za nyimbo zao. Miaka 36 kwa wimbo mmoja. Baada yao wasanii wengine wa lebo hiyo nao wakafungua kesi, Marshall Jefferson akiwemo.

Chicago wenyewe wameanza kurekebisha, barabara iliyo mbele ya lile jengo ilipewa jina la Frankie Knuckles mwaka 2004 akiwa hai, akafariki 2014, na Juni 2023 baraza la jiji likalifanya jengo kuwa urithi unaolindwa kisheria. Vizuri. Lakini jengo kulilinda ni rahisi kuliko kumlipa mtu aliyepiga kinanda, na muziki uliojengwa kwa vipande vya watu wengine una tatizo ambalo watetezi wake, na mimi nikiwemo, hatupendi kuligusa: besi ya "Jack Your Body" imetoka kwenye wimbo wa First Choice wa disko, na First Choice hawakuwa mabepari, walikuwa akina dada watatu weusi wa Philadelphia. Uhaba unaeleza kwanini mtu alichukua. Hausemi aliyechukuliwa alipata nini.

Ndo maana huu ubishi wa Bongo na Sauzi mimi naona unapiga kando. Kuchukua mwendo wa jirani na kuuongezea chako ndo namna house ilivyoishi toka mwanzo, kwahiyo anayefanya amapiano ya Kiswahili hahitaji kuomba radhi kwa mtu, anahitaji tu iwe nzuri, na nyingi kusema ukweli sio nzuri. Swali lenye faida lipo karibu zaidi na kwetu, kwenye singeli. Vijana wa Tandale na Manzese walikuwa na kompyuta moja chakavu, wakachukua vipande vya taarab, wakavikata, wakaviharakisha mpaka pigo mia mbili na zaidi kwa dakika, wakaweka mchanaji juu. Ni Chicago ile ile ya 1984, na imeshaanza kusafiri, toka lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilipotoa mkusanyiko wa studio ya Sisso mwaka 2017 madijei wa Ulaya wanaipiga. Wenye singeli wameanza kuuliza nani ana mkataba na nani kasajili nini, na ni haki yao kuuliza. Ila wapiga vinanda na fidla wa taarab, ambao vipande vyao ndo vimekatwa na kuzungushwa, wengine bado wapo hai hapahapa Dar na Zanzibar, na kwenye hizo komenti zote mia tatu sijaona mtu aliyewataja.